Treni ndogo, kazi za kweli: Mpe mtoto zamu badala ya kumwambia ‘usiguse’

WAZAZI wengi wanaijua treni ya kuchezea kwa sura moja tu. Inatolewa kwenye boksi, reli zake zinaungwa duara sebuleni, inazunguka mara ishirini, na baada ya siku tatu iko chini ya kitanda. Mtoto ameichoka, na mzazi anajiuliza fedha yake imekwenda wapi.

Kosa si la mtoto. Treni inayozunguka duara haina inapokwenda. Haina mzigo wa kupeleka wala abiria anayeisubiri. Mtoto akishaiona ikizunguka, amebakiwa na mambo mawili tu ya kufanya: kuitazama, au kuongeza mwendo mpaka ianguke.

Hata hivyo, Uingereza, Ujerumani na Marekani kuna watu wanaocheza na treni ndogo tangu utotoni hadi uzeeni, na hawachoki. Wana klabu zao, wana vyumba vyao, na wana siku yao ya kukutana. The Model Railway Club ya London ilianzishwa mwaka 1910 na ipo hadi leo. Ukichunguza kinachowarudisha wanachama wa klabu kama hizo kila wiki, utakuta kikubwa ni kazi. Kila anayeingia chumbani ana zamu yake, na asipoifanya wenzake wanakwama. Hapo ndipo penye somo kwa mzazi, hata yule asiye na mpango wa kununua treni.

Ndogo, lakini kwa vipimo

Tuanze na meza yenyewe. Kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa HO, ambacho ni uwiano wa 1 kwa 87. Maana yake kila kitu, kuanzia treni hadi nyumba, miti na watu, kimepunguzwa mara 87. Reli mbili za HO zimeachana kwa milimita 16.5. Zidisha mara 87 na utapata milimita 1,435, ambao ndio upana wa reli ya SGR ya Kenya na ya Tanzania. Kwa hiyo mtoto aliyepanda SGR akaangalia njia kutoka stesheni, akiona reli ya HO anaona njia ileile, imepunguzwa tu.

Vipimo hivi vinabadilisha namna ya kucheza. Treni ya SGR ya Tanzania ikienda kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, mfano wake mezani unatakiwa kwenda kama nusu mita tu kwa sekunde moja. Treni ya mizigo ya kilomita 60 kwa saa haifiki hata sentimita 20 kwa sekunde. Mtoto aliyezoea kubonyeza hadi mwisho hujifunza jambo gumu kidogo, yaani kwenda taratibu, kupunguza mwendo kabla ya stesheni na kusimama bila kugonga.

Na nafasi? Kilomita moja ya kweli ni mita 11.5 mezani. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 200, ingehitaji meza ya zaidi ya kilomita mbili. Hakuna mwenye chumba hicho, kwa hiyo kila anayejenga huchagua stesheni chache na kuacha nyingine. Kuchagua huko ndiko mwanzo wa ubishi, na wa urafiki, katika klabu nyingi.

Usiku wa kuendesha

Siku ya kuendesha, chumba cha klabu hugeuka shirika la reli. Mmoja ni mwongozaji wa safari. Hagusi treni yoyote; kazi yake ni kujua kila treni iko wapi na kuamua ipi ipite, ipi isubiri. Mwingine anasimamia yadi, yaani uwanja wa kupanga mabehewa. Waliobaki huenda wawili wawili, dereva na gadi. Dereva anashika kidhibiti cha mkononi na kuendesha. Gadi anasoma makaratasi, anageuza njia panda za reli, na anaunga na kuachanisha mabehewa.

Kila behewa la mizigo lina kadi yake ndogo inayoeleza limebeba nini, limetoka wapi na linatakiwa lifike wapi. Behewa la makaa linakwenda kiwandani, tupu linarudi mgodini, la nafaka linashushwa kwenye ghala. Gadi akipewa kadi sita mkononi ana mafumbo sita ya kufumbua. Ni behewa gani litangulie ili lisizibe njia ya wenzake? Treni ya abiria itapita saa ngapi, na yeye atakuwa amejibanza wapi wakati huo?

Saa ya ukutani nayo haiendi kawaida. Klabu nyingi huiharakisha, kwa mfano mara nne, ili saa tatu za jioni ziwe saa 12 za reli. Ratiba ikisema treni ya posta inaondoka saa 2:15, inaondoka hata kama wewe bado unahangaika na behewa lako njiani. Ukichelewa hugombezwi. Unaona tu kwenye meza kwamba treni tatu zimesimama zikikusubiri.

Hapa mtoto hupata nafasi adimu. Mtoto wa miaka kumi akiwa gadi na mzee wa miaka sabini akiwa dereva, ni mtoto anayetoa maelekezo. “Babu, rudi nyuma kidogo, bado, bado, hapo hapo.” Mzee anatii, kwa sababu macho ya gadi ndiyo yanayoona mwisho wa treni. Adabu haijapotea, ila mtoto amejifunza kumwelekeza mtu mzima kwa heshima na kwa usahihi. Nyumba nyingi hazimpi mtoto nafasi ya kulifanyia mazoezi hilo.

Adui mkubwa ni uchafu

Usiku mmoja wa kuendesha hutanguliwa na saa nyingi za matunzo. Wageni hawazioni, lakini klabu huishi kwazo.

Treni hizi hupata umeme kutoka kwenye reli. Umeme hupanda kupitia magurudumu, unaingia kwenye mota, unarudi kwa reli ya pili. Vumbi la chumba, mafuta ya mota na cheche ndogondogo zinazoruka kati ya gurudumu na reli hujenga utando mweusi. Utando huo ukikomaa, treni huanza kusitasita, taa zake zinapepesa, mwisho inasimama. Wengi hudhani mota imekufa, kumbe ni uchafu.

Dawa ni kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti, na uvumilivu wa kupita kila sentimita ya njia. Msasa hauruhusiwi na mafundi makini, kwa sababu huacha mikwaruzo ambayo hushika uchafu upya. Magurudumu nayo husafishwa: kitambaa chenye spiriti kinatandikwa juu ya reli, treni inashikiliwa juu yake na kuachwa izungushe magurudumu, na michirizi myeusi hubaki kwenye kitambaa. Watoto hupenda sana kazi hii, maana matokeo yanaonekana papo hapo.

Yapo na mengine. Ubao wa meza hutanuka kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, na reli nazo hutanuka kwa joto, kwa hiyo huachwa nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, la sivyo njia hupinda. Viungio vya reli hulegea kadiri muda unavyopita, ndiyo maana waangalifu hushusha waya kutoka kila kipande cha reli hadi kwenye nyaya kuu zilizo chini ya meza. Na siku moja kabla ya kuendesha, mwanachama mmoja hupitisha treni kwenye kila njia na kila njia panda, polepole, akiandika panapokwama.

Kadi ya ubovu

Klabu zinazojiheshimu zina utaratibu mmoja ambao ungefaa hata nyumbani. Behewa likiacha reli au likikataa kuungana, aliyekuwa nalo halifichi wala halilazimishi. Analiweka pembeni pamoja na kadi aliyoandika kilichotokea na mahali kilipotokea. Hakuna anayeulizwa “nani ameharibu?” Kinachoulizwa ni “nini kimetokea, na wapi?”

Kutokana na kadi hizo ukweli hujitokeza wenyewe. Behewa moja likiacha reli sehemu nne tofauti, ubovu uko kwenye behewa. Pengine magurudumu yake yamesogeleana kupita kiasi. Lakini mabehewa manne tofauti yakianguka mahali pamoja, mabehewa hayana kosa, kagua reli. Mtoto akizoea kufikiri hivi, kutenga sababu moja na nyingine kabla ya kulaumu, ameshika njia ya fundi na ya daktari kwa pamoja.

Linganisha na nyumba ambayo mtoto akivunja kitu hupigiwa kelele kwanza na kuulizwa baadaye. Huyo hujifunza kuficha. Kikombe kilichopasuka kinarudishwa kabatini kimegeuzwa upande, rimoti iliyokufa inasukumwa chini ya kochi. Anayejua kwamba kuripoti ubovu ni sehemu ya kazi yake huja mwenyewe kusema.

Waliopenda kilicho chini ya meza

Si kila mtoto atapenda kuendesha. Wapo watakaopenda kuchora milima na kupanda miti ya sifongo. Wapo watakaoinama chini ya meza wakafuata nyaya. Hao usiwavute juu.

Katika chuo cha MIT, Marekani, wanafunzi walianzisha klabu ya treni ndogo mwaka 1946, iitwayo Tech Model Railroad Club. Baadhi ya wanachama walishughulika na treni na mandhari. Wengine, katika kamati iliyoitwa Signals and Power, walishughulika na umeme chini ya meza, wakitumia vifaa vya mitambo ya simu kuongoza treni nyingi kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 chuo kilipopata kompyuta ambazo wanafunzi waliruhusiwa kuzigusa, vijana hao wa nyaya walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzikimbilia. Neno “hacker” kwa maana ya mtu anayependa kuchokonoa mfumo mpaka auelewe lilikuzwa katika klabu hiyo. Mwaka 1962 mchezo wa kompyuta uitwao Spacewar! ulipokamilika hapo chuoni, wanachama wawili, Alan Kotok na Bob Saunders, waliuundia vidhibiti vya mkononi kwa vipande walivyookota kwenye chumba cha treni.

Hatusemi kila anayefuata waya atakuwa mtaalamu wa kompyuta. Tunasema kwamba vijana wale walipewa kitu cha kweli cha kukifungua, kukifunga na kukitunza, wakiwa na wenzao, na hakuna aliyewaambia wasiguse.

Usiku mmoja Stamford

Thamani ya matunzo huonekana vizuri kinapotokea kinyume chake. Mei 2019, klabu ya Market Deeping huko Lincolnshire, Uingereza, ilikuwa imepanga meza zake kwenye ukumbi wa shule mjini Stamford kwa ajili ya maonyesho ya siku inayofuata. Usiku huo vijana wanne wa umri wa sekondari waliingia wakavunja karibu kila kitu. Asubuhi wanachama, wengi wao watu wazima waliokwishastaafu, walikuta kazi ya miaka mingi imesambaa sakafuni.

Klabu iliomba michango mtandaoni ikilenga pauni 500. Zilipatikana zaidi ya pauni 100,000, zikiwamo 10,000 za mwanamuziki Rod Stewart, ambaye naye ni mjenzi wa treni ndogo. Fedha ilikuwa nyingi kuliko walivyoota. Lakini hakuna duka linalouza jioni ambazo mtu amekaa akibandika vigae vya paa kimoja kimoja. Hizo zilikuwa zimekwenda.

Mzazi akisikia habari hii huwaza upande wa wazee wale, na pia upande wa wazazi wa vijana wale. Hakuna chanjo ya tabia. Hata hivyo, mtoto aliyewahi kutumia Jumamosi nzima kurudisha njia panda moja kwenye hali yake anajua kitu kinagharimu nini, na hakujua kwa kuhubiriwa.

Reli ya mtu mmoja, reli ya wengi

Katika historia ya mchezo huu jina la John Allen wa Monterey, California, linatajwa kwa heshima. Reli yake, Gorre & Daphetid, ilikuwa na milima ya kutoka sakafuni hadi darini, na picha zake zilisambaa duniani. Marafiki walikuja kuendesha, lakini nyumba ilikuwa yake na meza yake. Allen alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto uliteketeza nyumba, na reli karibu yote ikaenda nayo.

Mwenzake wa Uingereza, John Ahern, aliyejenga Madder Valley Railway, alifariki mwaka 1961. Reli yake ilichukuliwa na jumba la makumbusho la Pendon, Oxfordshire, na bado ipo, kwa kuwa kulikuwa na watu tayari kuipokea na kuitunza. Nayo meza kubwa ya klabu ya London iitwayo Copenhagen Fields ilianza kujengwa miaka ya 1980. Aliyeanza akiwa kijana leo ana mvi, na wapo waliojiunga baadaye sana wanaojua kila waya uliko.

Moto unaweza kumpata yeyote. Lakini hata bila moto, meza inayojulikana na mtu mmoja tu hufa siku anapochoka. Ujuzi unaoshirikishwa hudumu. Kwa baba au mama mwenye kazi ya mikono anayoipenda, iwe cherehani, bustani au redio, swali ni hilo hilo. Nani mwingine humu ndani anajua inavyofanya kazi?

Anza na viberiti vinane

Treni za HO si za bei rahisi. Injini moja mpya Uingereza mara nyingi huzidi pauni 100. Lakini sehemu bora ya mchezo huu, ile ya kadi na kupanga, inaweza kuchezwa leo jioni sakafuni bila senti. Ni fumbo la mjenzi wa Uingereza, Alan Wright, liitwalo Inglenook Sidings.

Chukua viberiti vinane vitupu, viandike namba 1 hadi 8. Hayo ni mabehewa. Kiberiti cha tisa ni injini. Chora kwa chaki njia moja inayogawanyika kuwa tatu. Njia ndefu itoshe mabehewa matano, nyingine mbili zitoshe matatu matatu. Njia kuu, kabla ya kugawanyika, itoshe injini na mabehewa matatu tu. Weka matano kwenye njia ndefu na matatu kwenye mojawapo ya zile fupi. Kisha andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, changanya, chagua vitano. Kazi ni kuyapanga mabehewa hayo matano kwenye njia ndefu, kwa mfuatano uleule wa vikaratasi. Behewa halinyanyuliwi, linavutwa au kusukumwa na injini. Kuna mifuatano 6,720 inayoweza kutokea, kwa hiyo fumbo halitaisha mwezi huu.

Mzazi, zingatia haya machache:

*Gawa kazi.* Mmoja awe dereva, mwingine gadi anayesoma vikaratasi, wa tatu ahesabu miendo. Kesho mbadilishane, na wasichana wasiachiwe kazi ya kutazama.

*Kaa kwenye zamu yako.* Ukiwa dereva, subiri gadi aseme, hata kama umeona jibu mapema. Ukimpokonya kazi yake, umemrudisha kwenye kutazama duara.

*Matunzo yahesabike kuwa mchezo.* Kurudisha viberiti kwenye boksi, kuchora upya chaki iliyofutika, kuandika kadi ya kiberiti kilichopasuka: zote ni zamu.

*Usalama.* Mkifika kwenye treni za umeme, vipande vidogo vikae mbali na mtoto wa chini ya miaka mitatu, spiriti ishikwe na mtu mzima mbali na moto, na kuunganisha waya kwa risasi kufanyike mbele yako.

*Mpeleke akaone ya kweli.* Wakazi wa Nairobi wana Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yenye injini kubwa za mvuke zilizopewa majina ya milima ya Tanzania, Mount Gelai na Mount Shengena. Mtoto aliyekuwa gadi wa viberiti hatakimbilia kupiga picha tu. Atainama kutazama mabehewa yanavyoungana.